Penseli Zisizoisha

Mzee Kibet hakuwa mtu wa kununua kitu kabla hajakiuma. Mahindi ya mbegu aliyauma, sarafu aliiuma, hata mshipi wa ngozi aliouvaa siku hiyo aliung'ata kwanza mbele ya fundi aliyeushona. Kwa hiyo alipoiweka penseli katikati ya meno, pale kwenye kaunta ya duka la Nur mjini Eldoret, mkewe Jeruto hakushangaa. Aligeuza uso tu akatazama blanketi zilizopangwa kwenye rafu, kwa sababu dukani mlikuwa na wateja wengine na mmoja wao alishaanza kucheka.

"Mzee, hiyo hailiwi," Nur akasema kwa upole.

"Najua hailiwi. Naangalia ugumu wake."

Nur alikuwa Msomali wa makamo, muuza sukari, blanketi, taa na vitu vya shule. Tangu wazungu waanze kuuza mashamba na kurudi kwao, alikuwa amezoea kuuziana na watu ambao zamani hawakuvuka kizingiti chake, na alikuwa na subira nao. Akachana kipande cha karatasi ya kufungia sukari, akachora mstari kwa penseli laini. Mstari ulitoka mnene, mweusi kama masizi. Akachora mwingine kwa penseli ngumu, nao ukatoka mwembamba, wa kijivu, ukaonekana vizuri kwa sababu jua la mlangoni lilikuwa likiangukia palepale.

"Hii nyeusi ndiyo mwalimu wa chuo anapenda wanafunzi wakuje nayo," Nur akaeleza. "Hii ngumu ni ya wapima ardhi. Wao wanachora ramani nayo."

Kibet akaichukua ile laini, akaisogeza karibu na jicho. Ncha yake ilikuwa imelika.

"Umeona, Mama Kiprono? Mstari mmoja tu na imeanza kuisha. Hii ni ya kukurudisha dukani kila Jumatatu."

"Lakini kijana alisema laini," Jeruto akasema. "Alirudia hata jana. Laini, na rangi za maji."

Kibet alikuwa mtu mwema, na ubaya wa watu wema ni kwamba wakishika jambo kwa mapenzi huwezi kuwabandua. Miaka yote aliyochunga ng'ombe wa maziwa wa mzungu, njia ya Kaptagat, alikuwa amelimia majembe laini ya kugawiwa vibarua, majembe yaliyojikunja yakigusa jiwe, huku majembe magumu yakifungiwa stoo. Ukimwambia kitu fulani ni laini, yeye alisikia kwamba ni cha vibarua.

"Hebu nione hizo rangi," akamwambia Nur.

Nur akaleta visanduku viwili. Cha kwanza kilikuwa cha bati jepesi, na ndani vipande vikavu vya rangi vilivyopangwa kama peremende. Cha pili kilikuwa cha mbao, kizito, chenye kufuli ndogo ya shaba, na ndani yake mirija iliyolala kwenye kitambaa chekundu.

"Hizi kavu ni za maji. Hizi za mirija ni za mafuta. Niliagizia mama mmoja mzungu wa huko kwenu, alikuwa akichora milima. Akaenda kwao kabla hazijafika."

"Ya maji ikinyeshewa na mvua?"

"Itaoshwa."

"Na ya mafuta?"

"Hiyo haitoki, mzee. Hata kwa sabuni."

Kibet akamgeukia mkewe na uso wa mtu aliyeshinda kesi. "Sasa umeelewa kwa nini kijana alitaka za maji? Ni bei rahisi. Anatuhurumia." Sauti yake ikapungua. "Nimeuza hisa ya shamba, Jeruto. Siwezi kuuza hisa halafu nimnunulie mtoto kitu cha huruma."

Hapo Jeruto akarudi kutazama blanketi. Hisa ilikuwa kidonda cha nyumba nzima. Shamba walilokuwa wakiishi, wao na vibarua wengine, lilikuwa linanunuliwa na kampuni ya wanahisa, na Kibet alikuwa ameshalipa ya kwake kwa kudunduliza mshahara tangu mwaka wa uhuru. Mwenye hisa angepewa ekari zake. Asiye na hisa angehama wapimaji wakija. Kisha Kiprono, mtoto wao wa pekee, akapata nafasi chuoni kujifunza kuchora ramani za nyumba na kuzipaka rangi, ili mwenye kiwanja aione nyumba yake kabla haijajengwa. Watu walikuwa wakinunua viwanja kila upande, hadi Moi's Bridge, na kila mmoja alitaka ramani. Kijana akimaliza, Kibet alisema, atanunua ardhi mara mbili ya ile. Akaiuza hisa kwa Jackson, karani wa kampuni, wakalipa karo, na kilichobaki ndicho kilichokuwa mfukoni mwake pale dukani.

"Mzee," Nur akasema, "mimi ni mtu wa sukari. Hivi vitu sivijui vizuri. Mlete kijana mwenyewe achague."

"Kwetu kijana hachagui ng'ombe wake wa kwanza. Baba ndiye anachagua. Kijana anapokea kwa mikono miwili."

"Hata hivyo. Basi visifunguliwe. Kama si vyenyewe, rudisha, nitakubadilishia. Mradi viwe safi vile vimetoka hapa."

"Nimesikia," Kibet akasema. Alikuwa ameshaanza kuhesabu noti.

*

Jioni hiyo Kibet aliwaita majirani. Jeruto alimwambia wangoje angalau kijana aone vitu kwanza, akaambiwa kwamba kitu huonwa kikibarikiwa. Watu wakaketi kwenye nyasi mbele ya nyumba. Jackson naye alikuja, ingawa hakuna aliyekumbuka kumwita, akakaa kwenye benchi la pekee lililokuwapo na kukunja mguu mmoja juu ya mwingine. Alikuwa kijana wa watu aliyesoma kidogo na kuvaa soksi ndefu, na tangu anunue ile hisa alikuwa na tabia ya kuutazama ukuta wa nyumba ya Kibet kana kwamba ana mpango nao.

Kibet akakifungua kisanduku cha mbao kwa mkono wake mwenyewe. Akapanga penseli ngumu kando yake, na ubao wa kuchorea alioupiga randa mwenyewe kwa majuma, ubao wa mti mkavu uliokaa darini tangu Kiprono akiwa mdogo. Akavuta mursik, maziwa ya kuchachushwa, kutoka kwenye kibuyu, akajaza kinywa, akavipulizia vyote. Matone meupe yakatua juu ya mirija, yakaingia kwenye kitambaa chekundu, yakateremka katikati ya penseli.

"Hivi ni vyako," akasema. "Si vya kuazima. Mtu akiazima jembe, anangoja mwenye jembe ashibe usingizi ndipo alime. Wewe usiazime. Tumia chako mpaka kiishe, na nimehakikisha hakitaisha."

Watu wakacheka, wakaitikia baraka.

Jeruto alikuwa akimtazama mwanawe. Kiprono alikuwa amepiga magoti, mikono miwili mbele, kama inavyotakiwa. Alipoona mirija, macho yake yalisimama. Yakahamia kwenye penseli, yakasoma maandishi madogo ya ubavuni. Ilikuwa ni muda mfupi tu, kiasi cha mtu kumeza mate. Lakini mama aliyemlea mtoto huyo mmoja tu, bila mwingine wa kumchanganya naye, aliona kitu kikizimika.

"Asante, baba," Kiprono akasema. "Ni nzuri sana."

"Za wapima ardhi," Kibet akawaambia majirani.

"Basi hapo ndipo hisa ilipokwenda," Jackson akasema kutoka kwenye benchi. "Angalau inaonekana."

Kibet alicheka kuliko wote. Alidhani anasifiwa.

*

Asubuhi Jeruto alimkuta Kiprono nyuma ya zizi, karatasi juu ya goti, akichora na kufuta. Kijana hakuwa na haja ya kufuta. Mstari wenyewe haukuonekana.

"Si zenyewe?" Jeruto akamuuliza.

"Zipi, mama?"

"Usinifiche. Mimi si majirani."

Kiprono akaiweka penseli chini. Akamweleza polepole, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Penseli ngumu kupita kiasi haiachi rangi, inakwaruza tu. Kuchora nyumba kunataka giza na mwanga, kivuli cha paa ukutani, kivuli cha mti kwenye ua, na vivuli hivyo vinatoka kwa penseli laini. Na rangi za mafuta kwenye karatasi ya chuo ni kama kumwaga mafuta ya taa kwenye gazeti. Zinaenea, hazikauki, zinatokea upande wa pili.

"Mwambie baba yako."

"Nimwambie nini? Kwamba ameuza mahali petu pa kulala akanunua vitu vya kutupa?"

"Hataua mtu."

"Hataua mtu mwingine," Kiprono akasema. Jeruto akaelewa, akaogopa.

Alingoja Kibet apeleke ng'ombe malishoni, akafunga kisanduku na penseli kwenye kanga, akatembea hadi mjini. Kichwani alikuwa amepanga maneno yote ya kumwambia Nur, na njia nzima aliyarudia. Hakuyahitaji. Nur alikifungua kisanduku, na harufu ya maziwa yaliyochacha ikapanda hadi kwenye uso wake. Kitambaa chekundu kilikuwa na mabaka. Karatasi za mirija zilikuwa zimeanza kubanduka.

"Mama," Nur akasema, na ilionekana kwamba anaona aibu kuliko yeye. "Mimi nilisema visifunguliwe."

"Ni baraka. Sisi tunabariki hivyo."

"Hata sisi tunaheshimu maziwa. Lakini nitamuuzia nani?"

Mteja mmoja aliyekuwa akipima kitambaa akaziba pua kwa ncha ya leso yake. Jeruto akakifunga kisanduku. Alikuwa na mayai aliyoyabeba kwa ajili ya kuuza, akamuuliza Nur kama yangetosha penseli laini angalau moja. Nur akayapokea mayai, akampa mbili. Kwa kile kisanduku cha bati cha rangi za maji, mayai hayo hayakuwa kitu, na Jeruto hakuthubutu hata kukitazama.

Akapitia chuoni siku iliyofuatia Kiprono kuhamia huko. Akamwita nje ya lango, akamtolea zile penseli mbili alizozifunga kwenye kipande cha gazeti.

"Sikuazima," akasema haraka. "Nimenunua. Kwa mayai yangu."

Kiprono alizishika. Jeruto aliona kidole gumba chake kikipapasa ncha, kikabaki na weusi, na kwa kitambo kidogo uso wa kijana ukarudi kuwa ule wa zamani. Kisha akazirudisha mkononi mwa mama.

"Baba atakuja hapa. Alishasema atakuja kuona nikichora. Akizikuta hizi, nitamwambia zile zake ziko wapi?"

"Utasema zimepumzika."

"Mama, ameuza hisa. Kama nitazitupa zile alizonunua kwa hisa, basi hisa imetupwa. Nitazizoea. Nitakandamiza."

"Penseli haikandamizwi kama jembe, mwanangu."

"Nitakandamiza tu," Kiprono akasema, akarudi ndani.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Juu ya anayesikia hawakutuachia neno, labda kwa sababu wahenga wenyewe ndio walikuwa wakuu.

*

Muhula wa kwanza ulikuwa wa majaribio, na kila mwanafunzi alijua kwamba si wote wangeendelea. Siku ya mwisho chuo kilibandika kazi zao ukutani katika ukumbi na wazazi wakaalikwa. Kibet alivaa koti aliloachiwa na mzungu, lililokuwa refu mikononi, na njia nzima alikuwa akiikunja mikono ya koti na kuikunjua. Jeruto alivaa viatu. Vilimbana, lakini aliona afadhali maumivu ya miguu kuliko ya macho ya watu.

Ukumbini mlikuwa na nyumba kila upande. Nyumba zenye veranda, zenye bustani, zenye vivuli vilivyolala kwenye nyasi hivi kwamba ungesema ni saa tisa alasiri ndani ya karatasi. Mbele ya moja, yenye paa jekundu na mti wa jakaranda, watu walikuwa wamejazana. Ilikuwa kazi ya msichana aitwaye Wacera, na baba yake alikuwa akieleza kwa sauti kubwa veranda itakaa wapi.

"Ya Kiprono iko wapi?" Kibet akauliza.

Jeruto alikuwa ameshaiona. Ilikuwa kwenye kona, karibu na mlango, na hakuna aliyesimama mbele yake. Karatasi ilionekana tupu. Tupu, isipokuwa pale kwenye paa na ukuta ambapo rangi ilikuwa imekaa kwa mabonge, na kuzunguka kila bonge mafuta yalikuwa yametambaa yakaifanya karatasi ionyeshe ukuta wa nyuma, kama karatasi iliyofungiwa mandazi. Chini yake kulikuwa na jina la mtoto wao, limeandikwa na mkono wa mwalimu kwa wino, na hilo ndilo lililosomeka.

Kibet aliikaribia. Akakaza macho, akarudi nyuma hatua, akakaribia tena.

"Ni macho yangu," akamwambia Jeruto. "Yamezeeka. Sioni mistari."

Jeruto akamshika mkono wa koti.

Mwalimu Kituyi, aliyefundisha somo hilo, akawakuta hapo. Alikuwa mtu kijana, mwenye vumbi la chaki kwenye suruali, na hakuwa mkali. Jeruto baadaye alitamani angekuwa mkali, wangepata wa kumchukia.

"Nyinyi ndio wazazi wa Kiprono?"

"Sisi," Kibet akasema. "Mwalimu, unisamehe, macho yangu ni mabovu. Nieleze wewe. Amechora nini?"

Mwalimu akaangalia karatasi, akamwangalia mzee. "Amechora nyumba ya vyumba vitatu. Vipimo vyake ni sawa kabisa. Kichwa anacho, mzee. Na ule ubao wake ni mzuri kuliko wetu."

"Ubao niliupiga randa mimi."

"Ni mzuri sana." Mwalimu akakung'uta chaki kwenye suruali. "Lakini hataendelea. Nafasi ni chache, na wakaguzi wanapitisha kile kinaonekana. Kazi yake haionekani. Wanafunzi wenzake walikuwa wakimuuliza kama anachora ama anachonga."

"Haionekani kwa nini?"

"Vifaa. Sijui nani alimshauri. Nilimwambia achukue penseli zangu, nilimwambia aazime rangi kwa Wacera. Akakataa. Nikimuuliza, ananiambia ameagizwa asiazime." Mwalimu akatikisa kichwa. "Yule aliyemwagiza hivyo alimfunga mikono."

Kibet alikuwa akikunja mkono wa koti, akaukunja hadi kwenye kiwiko, kisha akaukunjua wote ukamfunika vidole.

"Tunaweza kununua zingine," Jeruto akasema. "Mwalimu, tukipata zingine wiki hii?"

"Majina yameshapelekwa, mama. Na karo ya muhula huu ndiyo hivyo tena, hairudi." Akaibandua karatasi ukutani kwa uangalifu, akaikunja kama mkeka, akampa Kibet kwa mikono miwili. "Mwambie asiache kuchora."

Kiprono alikuwa akiwangoja nje na sanduku lake la nguo. Walitembea hadi nyumbani, baba mbele amebeba karatasi, mama katikati na viatu vyake mkononi, kijana nyuma na ule ubao begani. Waliokutana nao njiani walisalimia, nao wakaitikia kwamba ni wazima.

*

Wapimaji walikuja kabla mvua hazijaanza. Jackson hakungoja wamalize. Alikuja na vigingi vyake na kamba, asubuhi ambayo Jeruto alikuwa akifunga sufuria kwenye gunia. Ndugu yake Jeruto alikuwa amekubali kuwapa chumba kimoja mtaani Huruma, kwa muda, akalikazia neno hilo. Ng'ombe wawili walikuwa wameshauzwa. Kiprono alikuwa amepata kibarua cha kupakia mahindi kwenye malori, angeanza Jumatatu, naye alikubali bila kuuliza mshahara.

Kibet alikuwa ameketi mlangoni kwenye lile benchi. Tangu siku ya chuo alikuwa hazungumzi sana. Alikula alipoambiwa ale. Aliichukua ile karatasi kutoka juu ya mzigo, akaikunjua magotini, na Jeruto alipopita na gunia akamwona ameiinamia, amefumba macho, kidole kikitembea juu yake.

Akasimama.

Kidole kilikwenda polepole, kikapinda, kikarudi. Kiprono alikuwa amekandamiza kama alivyosema. Kila mstari ulikuwa umechimbika kwenye karatasi, mfereji mwembamba ambao jicho liliupita na kidole kiliushika. Kibet akaifuata nyumba yote hivyo, ukuta kwa ukuta.

"Kiprono," akaita.

Kijana akaja, akachuchumaa mbele yake.

"Hapa pameachwa wazi. Ni nini?"

"Ni mlango, baba."

"Unaangalia wapi?"

"Upande wa jua kutoka. Vile ulikuwa ukisema unataka."

Kidole kikaingia mlangoni, kikapita, kikafika kwenye chumba. "Na hapa?"

"Hapo ni chumba chenu, wewe na mama."

"Kikubwa."

"Ndiyo."

Kibet alikiacha kidole chake hapo, ndani ya chumba chake. "Ulijua lini kwamba penseli ni mbaya?"

Kiprono akamtazama mama yake, kisha ardhi. "Siku ile ile."

"Ulisema ni nzuri sana."

"Ndiyo, baba."

"Na wewe, Jeruto?"

"Kesho yake asubuhi," Jeruto akasema. Alihisi zile penseli mbili laini kwenye pindo la kanga, mahali alipokuwa amezificha muda wote huo, na alijua kwamba akizitoa sasa atamwua mtu aliyekuwa ameshakufa nusu. Akaenda jikoni, akazisukuma chini ya majivu kwenye moto wa mwisho. Aliporudi, macho yake yakiwa yamejaa machozi, hakuna aliyemuuliza. Moshi ulikuwa sababu tosha.

Kibet alikuwa amekifungua kisanduku. Akatoa penseli moja, akaigeuzageuza. Ilikuwa ndefu karibu kama siku ile dukani, na ubavuni alama za meno yake zilikuwa bado ziko.

"Hazijaisha," akasema.

Kamba ya Jackson ilikuwa imefika mlangoni. Ilitakiwa ipite mahali benchi lilipokuwa. "Mzee, unipishe kidogo hapo," Jackson akasema. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na haraka tu. Kibet akainuka na karatasi kwenye kwapa, Kiprono akaliinua benchi, kamba ikapita. Jackson akapiga kigingi palepale, akajipapasa mifuko ya shati.

"Una penseli hapo? Nataka kuweka alama juu ya hiki kigingi, wasije wakasogeza."

Kibet akampa ile aliyokuwa nayo mkononi. Jackson akaandika, akatazama, akailamba ncha, akaandika tena.

"Mzee, hii haiandiki."

"Kandamiza," Kibet akamwambia.